Kusimama

Mpango wa Rimvydas ulikuwa na kurasa mia mbili na kumi na nne,
umejalidiwa, una utepe wa kijani wa kuwekea alama,
nasi tuliuamini
kama mtu anavyoamini ramani ya mji usiojengwa.
Miezi kumi na minane tuliandika programu
ya kupeleka maji moto kwenye majumba ya Kaunas,
ghorofa kwa ghorofa, vali kwa vali,
na katika miezi hiyo hakuna bomba lililopata hata uvuguvugu
kwa sababu yetu.

Septemba akaja Skaistė na boksi la karatasi za rangi.
Akabandua chati ukutani, akapiga mistari miwili kwa kalamu nene,
zikapatikana safu tatu: Bado. Inafanywa. Imekwisha.
"Kila asubuhi tutasimama hapa, dakika kumi na tano.
Kila mmoja aseme jana alifanya nini,
leo atafanya nini, na nini kimemkwamisha."

Tulisimama kama wanafunzi waliochelewa.
Gintautas, goti bovu, miaka thelathini ya kazi hii,
aliegemea redieta ya ukutani, bado ya baridi,
akasema, kila siku, neno lile lile:
"Naendelea."
Naendelea Jumatatu. Naendelea Alhamisi.
Karatasi yake ya njano ikakaa safu ya kati
hadi gundi ikachoka, ikadondoka,
na mtu wa usafi akaifagia.

Mbio, ndivyo Skaistė alivyoziita hizo wiki mbili mbili.
Mbio za sakafuni, niliwaza, mwisho wake ukingoni,
na za kwanza ziliishia hapo kweli:
kazi tisa tulizoahidi, mbili tu zikavuka mstari,
na moja kati ya hizo mbili
ilikuwa kupaka kitufe rangi.
Rimvydas hakusema kitu.
Aliusugua utepe wa kijani kwa kidole gumba
kama mtu na rozari.

Ijumaa ile tulikichukua kitufe (ndicho tulichokuwa nacho)
tukakipeleka chumba cha boila, upande wa Petrašiūnai.
Danguolė, mwendesha mitambo, akakibonyeza.
Akakibonyeza tena.
Kisha akatuonyesha mikono:
glavu za ngozi, nene, nyeusi kwa grisi.
"Nizivue kila ninapotaka kufungua vali?
Ninyi mmewahi kuingia humu Januari?"

Hatukuwahi.
Kitanda tusichokilalia tumekichonga miezi kumi na minane,
na kunguni wake hatumjui hata mmoja.

Ndani ya gari hakuna aliyeongea.
Mto Nemunas ulipita kushoto kwetu, rangi ya bati.

Jumatatu Gintautas alikuja na glavu za bustani za mkewe,
akazitupa mezani.
Zamu yake ilipofika akanyamaza kwa muda mrefu,
Skaistė asitazame saa.
"Nimekwama," akasema.
"Nimekwama tangu Mei. Zile hesabu za presha
niliziandika mimi mwenyewe, na sizielewi tena.
Niliona haya."

Mtu alikohoa. Mashine ya kahawa ilimaliza kulia.
Rimvydas akainama,
akausukuma mpango wake, kurasa zote mia mbili na kumi na nne,
chini ya mguu wa Gintautas,
goti lipate pa kupumzikia,
akasema, "Nionyeshe."

Sisemi tumeokoka.
Oktoba jiji lilipofungulia joto,
redieta iliguguma nyuma ya mgongo wa Gintautas
na taratibu ikapata moto,
tukashangilia kama wajinga,
ilhali ilikuwa kazi ya ile programu kongwe
tuliyoajiriwa kuizika.
Yetu ina kitufe kimoja, kikubwa kama kisahani,
kinachobonyezeka kwa glavu,
na karatasi mpya ya njano,
miandiko miwili,
safu ya kati.